Mgeni ni Kuku Mweupe: Maisha ya Lu Xun

 Mwaka huu nimeamua kuwaletea maisha ya mtu ambaye hakuwahi kutia mguu hapa Afrika, na tena alifariki mwaka wa 1936, kabla hata babu yangu hajazaliwa. Huenda mtaniuliza, ananihusu nini? Tulieni kidogo niwaeleze.

Dada yangu mkubwa aliondoka hapa nchini kwenda kusoma uhandisi huko Uchina. Hakupelekwa Beijing wala Shanghai tunazozisikia redioni. Alipelekwa katika mji mdogo ambao mpaka leo mama hawezi kulitamka jina lake. Katika darasa lao alikuwa Mwafrika peke yake. Miezi ya mwanzo alikuwa akipiga simu usiku akilia. Chakula kilimshinda, baridi ilimshinda, na akitembea barabarani watu walikuwa wakigeuka kumtazama. Mama alisema kwamba mgeni ni kuku mweupe, lazima aonekane, na akamtaka avumilie. Basi siku moja dada akapiga simu sauti yake imebadilika. Alikuwa amesomeshwa insha moja katika darasa la lugha, insha ambayo wanafunzi wa Uchina wameisoma shuleni kwa miaka mingi. Mwandishi wake alikuwa Mchina aliyekwenda ugenini kusoma, katika mji mdogo, na huko akawa kuku mweupe kama yeye. Tangu siku hiyo nami nikaanza kumtafuta mtu huyo katika vitabu. Haya niliyoyapata ndiyo ninayowapa.

Mtu huyo ni Lu Xun. Hilo ni jina la uandishi tu. Jina lake hasa lilikuwa Zhou Shuren. Alizaliwa tarehe 25 Septemba 1881 katika mji wa Shaoxing, mashariki mwa Uchina. Ukoo wao ulikuwa wa watu waliosoma na wenye mali. Babu yake alikuwa afisa wa serikali ya mfalme. Lakini mtu hajui la kesho. Mwaka wa 1893 babu huyo alikamatwa kwa kosa la kujaribu kutoa rushwa katika mitihani ya serikali, akatiwa jela. Mali ya nyumba ikaanza kuyeyuka kama mafuta juani.

Kabla msiba huo haujapoa, baba yake akashikwa na maradhi. Lu Xun alikuwa mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo mzigo ukamwangukia yeye. Kila mara alikuwa akibeba nguo na vito vya nyumbani kwenda duka la rehani, na zile pesa akipewa anakwenda nazo duka la dawa. Meza ya duka la rehani ilikuwa ndefu mara mbili ya kimo chake, na ile ya duka la dawa ilimfikia kichwani. Waganga nao walikuwa na masharti yao, jamani! Mmoja alitaka muwa uliopigwa na sakitu miaka mitatu. Tena alitaka nyenje wawili, dume na jike, na eti ni lazima wawe hawajawahi kuwa na mwenzi mwingine. Mtoto alihangaika kuvitafuta vitu hivyo vyote, na pesa zikaliwa. Mwaka wa 1896 baba akafa. Lu Xun alikuwa na umri wa miaka 15.

Ningependa mlikumbuke jambo hilo la waganga, kwa sababu ndilo lililomsukuma mbele. Mwaka wa 1898 mama yake alimtafutia nauli, akamwaga machozi, na kijana akaenda Nanjing kusoma katika shule za serikali za namna mpya. Alianza shule ya wanamaji, kisha akahamia shule ya migodi na reli. Siku hizo watu wengi waliona kwamba kusoma elimu ya Wazungu ni kuiuza roho. Yeye hakujali. Alimaliza mwaka wa 1902, na serikali ikamlipia kwenda kusoma Japani.

Huko Japani alifikia Tokyo, akakaa miaka miwili hivi akijifunza Kijapani. Wachina wa wakati ule waliamriwa na watawala wao wanyoe sehemu ya mbele ya kichwa na kuacha msuko mmoja mrefu mgongoni. Mwaka wa 1903 Lu Xun aliukata wake. Wenzake wengi hawakuukata. Waliuzungusha juu ya kichwa, wakavaa kofia ya shule juu yake, na kofia ikachongoka kama Mlima Fuji. Jioni katika nyumba ya wanafunzi wa Kichina vishindo vilisikika na vumbi likatimka, kwani wasomi walikuwa wakijifunza kucheza dansi. Lu Xun hakupendezwa. Alisema moyoni kwamba afadhali aende mahali ambapo hakuna Mchina mwenzake.

Alikuwa ameshaamua kusomea udaktari. Alitaka arudi kwao awatibu watu kama baba yake, waliodanganywa mpaka kaburini. Na kukiwa na vita, angekuwa daktari wa jeshi. Basi akachagua Shule ya Udaktari ya Sendai, kaskazini mwa Tokyo, mwendo wa kilomita 350 hivi. Chukulia mtu anayetoka Nairobi kwenda Kisumu. Sendai ulikuwa mji wa watu laki moja hivi, wenye baridi kali, na katika shule ile hapakuwa na Mchina hata mmoja. Alifika mnamo Septemba 1904, akiwa na umri wa miaka 23 kasoro siku chache.

Sasa hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa kuwa maisha ya ugenini ni yale yale popote. Kwanza alipokelewa vizuri kupita kiasi. Shule ilikataa kumtoza karo, na baadhi ya wafanyakazi wake wakajishughulisha na mahali atakapolala na chakula atakachokula. Baadaye alipoandika habari hizo alijicheka mwenyewe. Alijifananisha na kabichi. Kabichi ya kaskazini mwa Uchina ikifika kusini hufungwa uzi mwekundu na kutundikwa dukani kama tunda la thamani, kwa sababu tu ni adimu. Naye alijua kwamba alikuwa akitunzwa kwa kuwa alikuwa adimu.

Chumba chake cha kwanza kilikuwa karibu na jela. Msimu wa baridi ulikuwa unaanza lakini mbu walikuwa bado wamejaa tele. Aliamua kujifunika blanketi mwili mzima na kuzungushia kichwa nguo, akaacha matundu ya pua tu. Pumzi inatoka muda wote, kwa hiyo mbu hakupata pa kutua, na mwenyewe akalala usingizi mnono. Chakula pia hakikuwa kibaya. Ila mwalimu mmoja aligundua kwamba mpishi wa nyumba ile ndiye aliyewapikia wafungwa pia, akaona ni aibu kwa mwanafunzi kula chungu kimoja na wafungwa. Alimbembeleza ahame mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Lu Xun hakuona uhusiano wowote baina yake na wafungwa, lakini kumkatalia mtu anayekutakia mema ni vigumu. Akahama. Kule alikohamia alipewa kila siku supu ya mashina ya nduma, ambayo kooni haikupita. Wenzangu wa bwenini, tunaolalamikia githeri ya Jumatano, tumesikia?

Masomo nayo hayakuwa mchezo. Walimu walifundisha kwa Kijapani, wakachanganya na maneno ya Kilatini na Kijerumani, na wanafunzi walitakiwa kukariri, kukariri, kukariri. Alimwandikia rafiki yake kwamba hakupata hata nafasi ya kufikiri. Fikirieni mtu aliyekianza Kijapani miaka miwili tu iliyopita, akaketi na wenyeji zaidi ya mia moja, akiandika anachosikia mbio mbio kabla mwalimu hajapangusa ubao.

Katika walimu wa anatomia, yaani somo la viungo vya mwili, palikuwa na mmoja aliyeitwa Fujino Genkurō. Alikuwa mwembamba, mweusi kidogo wa uso, mwenye masharubu na miwani, na aliongea polepole kwa lafudhi ya kwao mashambani. Mavazi hakuyajali kabisa. Siku nyingine alisahau kuvaa tai. Wanafunzi waliorudia darasa walisimulia kwamba wakati wa baridi alivaa koti kuukuu, na siku moja garimoshini kondakta alimdhania mwizi wa mifukoni, akawaonya abiria wachunge mali zao.

Baada ya wiki moja hivi, Bwana Fujino alimwita Lu Xun ofisini, akamwuliza kama anaweza kuyaandika mafunzo yake. Lu Xun akajibu kwamba anaweza kidogo. Mwalimu akaomba kuliona daftari. Alipolirudisha baada ya siku mbili tatu, Lu Xun alilifungua akashtuka. Daftari lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alichokikosa kiliongezwa, na hata makosa ya sarufi yalirekebishwa moja baada ya jingine. Akafanya hivyo wiki baada ya wiki, mpaka masomo yote aliyoyafundisha yakaisha. Nani alimlazimisha? Hakuna. Nyongeza ya mshahara? Hakuna.

Lakini msidhani alikuwa mwalimu wa kubembeleza. Siku moja alimwonyesha mchoro wa mishipa ya damu ya mkono. Lu Xun alikuwa amesogeza mshipa mmoja ili mchoro upendeze. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba mchoro wa namna hiyo si sanaa, kitu kichorwe kilivyo. Lu Xun alikubali kwa mdomo, moyoni akanung'unika kwamba mchoro wake ulikuwa mzuri na jinsi mambo yalivyo hasa anaikumbuka kichwani. Nani kati yetu hajawahi kumjibu mwalimu moyoni hivyo?

Mwaka wa kwanza ukaisha, mtihani ukaja. Kati ya wanafunzi 142, Lu Xun alikuwa wa 68. Kwa mgeni wa lugha hayo ni matokeo mazuri. Ila kheri ya mgeni haikosi jicho. Wakubwa wa chama cha darasa walikuja chumbani kwake wakataka kuyaona madaftari yake. Waliyapekua, hawakuona kitu, wakaenda zao. Mara tarishi akaleta barua nene isiyo na jina la mwandishi. Ilianza kwa kumwamrisha atubu, kisha ikamshtaki kwamba Bwana Fujino alimwekea alama katika daftari ili ayajue maswali kabla ya mtihani.

Hapo Lu Xun aliuma meno. Alielewa maana yake. Uchina ilikuwa nchi dhaifu, kwa hiyo kwa mawazo yao Mchina ni lazima awe mjinga, na akipita mtihani basi kaiba. Alimwendea Bwana Fujino akamweleza. Wajapani wachache darasani, marafiki zake, nao walikasirika, wakawaendea wakubwa wale na kuwadai watangaze matokeo ya upekuzi wao. Uvumi ukafa polepole. Kumbe jambo la kuchekesha ni hili: katika kumbukumbu za shule, somo ambalo Lu Xun alianguka lilikuwa moja tu, nalo ni anatomia! Alipata 59.3, na alama ya kupita ilikuwa 60. Mwalimu aliyesahihisha daftari lake kwa mwaka mzima hakumwongezea hata nusu alama. Mapenzi ya mwalimu yalikuwa katika wino mwekundu. Alama alimwachia azitafute mwenyewe.

Mwaka wa pili lilikuja somo la vijidudu vya maradhi. Mwalimu alionyesha picha za vijidudu ukutani kwa taa maalumu, na muda ukibaki walionyeshwa picha za habari. Wakati ule Japani ilikuwa imepigana na Urusi, mwaka wa 1904 hadi 1905, na vita vyenyewe vilipiganwa katika ardhi ya Uchina. Siku moja ikatokea picha ya Mchina aliyeshikwa na Wajapani kwa madai ya kuwapelelezea Warusi, anauawa. Waliomzunguka kutazama walikuwa Wachina wenzake, watu wenye afya, wamesimama kama wanaotazama ngoma. Darasa zima likapiga makofi na kelele za ushindi. Na katika chumba kile, Mchina alikuwa ni yeye tu.

Hebu jiwekeni katika kiti chake. Lu Xun alitoka na wazo jipya. Aliona kwamba mwili wenye nguvu usio na moyo wa kuwahurumia wengine haufai kitu, na kwamba ugonjwa wa watu wake haukuwa wa mwilini. Dawa yake angeitafuta katika uandishi. Wako wanaosema kwamba ile picha haikuwa sababu pekee, na huenda ni kweli, maana uamuzi mkubwa hauzaliwi siku moja. Lakini yeye mwenyewe ndivyo alivyoieleza.

Mnamo Machi 1906 alimwendea Bwana Fujino kumuaga. Mwalimu alihuzunika, alitaka kusema jambo lakini hakusema. Lu Xun alipoona hivyo akamdanganya. Alisema anakwenda kusoma elimu ya viumbe na kwamba anatomia itamfaa. Ulikuwa uongo wa kumtuliza mzee. Siku chache kabla hajaondoka, mwalimu alimwita nyumbani kwake, akampa picha yake ambayo nyuma aliandika maneno ya kuagana, akamwomba amtumie picha yake, na awe akimwandikia habari zake.

Wenzangu, Lu Xun hakuandika. Kwanza alihamahama, hakupata nafasi ya kupiga picha. Kisha aliona hana habari njema ya kumwambia. Miaka ilipozidi kupita ndipo kalamu ilipozidi kuwa nzito, kwani angeanzia wapi? Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mwalimu wake hakupata barua hata moja.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Mwaka wa 1909 Lu Xun alirudi kwao, akafundisha, kisha akafanya kazi katika wizara ya elimu. Mwaka wa 1918 alitoa hadithi fupi ya mwendawazimu anayeandika shajara, na hapo ndipo jina la Lu Xun lilipoanza kutumika. Aliiandika katika lugha ya watu ya kila siku, wakati wasomi walikuwa wakishikilia lugha ya kale ambayo mwananchi wa kawaida hakuielewa. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunapochekwa kwamba tunajishughulisha na lugha ya sokoni, tumkumbuke. Kisha ikafuata hadithi ya Ah Q, na mpaka leo Wachina humhesabu kuwa baba wa fasihi yao mpya.

Katika chumba chake cha Beijing aliitundika ile picha ya Bwana Fujino ukutani, ikielekea meza yake. Usiku akichoka na kutaka kuacha kazi, alikuwa akiinua macho akauona uso ule mwembamba, akajiona mvivu, akawasha sigara na kuendelea. Mwaka wa 1926 aliandika ile insha juu ya mwalimu wake. Kazi zake zilipotafsiriwa kwa Kijapani mwaka wa 1935, alitaka insha hiyo isiachwe nje, kwa matumaini kwamba mzee ataiona popote alipo. Jibu halikuja. Tarehe 19 Oktoba 1936 Lu Xun alifariki mjini Shanghai.

Na Bwana Fujino alikuwa wapi? Alikuwa hai! Baada ya kuiacha kazi ya kufundisha alirudi kwao Fukui, akawa daktari wa mashambani. Alitambua kwamba Lu Xun huyo ndiye mwanafunzi wake baada ya kusikia habari za kifo. Alipoombwa aandike kumbukumbu zake, alisema kwamba alifanya jambo dogo tu, la kumsaidia kijana aliyehangaika na lugha. Alipokuwa mtoto alifundishwa maandiko ya Kichina na mwalimu wake, kwa hiyo aliona ni wajibu kuwaheshimu watu wa nchi ile. Alishangaa kusikia kwamba picha yake ilitundikwa ukutani. Alifariki mwaka wa 1945. Wawili hawa hawakuonana tena tangu 1906.

Madaftari yale yenye wino mwekundu, ambayo Lu Xun alikufa akiamini yalipotea, yalipatikana Shaoxing mwaka wa 1951. Sasa yamehifadhiwa Beijing, katika jumba la makumbusho yake. Sendai nao umemjengea mnara.

Nimejifunza nini? Watu husema kwamba mgeni huzoea mji akizoea chakula na hali ya hewa. Nadhani Lu Xun hakuizoea supu ya nduma mpaka alipoondoka. Kilichomfanya Sendai usiwe jela kwake ni mtu mmoja aliyesoma alichokiandika, akakitilia maanani. Dada yangu naye ananiambia kwamba sasa ana mama mmoja wa maktaba ambaye kila Ijumaa humsahihishia Kichina chake. Watu barabarani bado wanageuka kumtazama, lakini simu za usiku zimekwisha.

Nami nina deni. Mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa akikaa nami jioni akinisahihishia insha, wakati darasa lote lilikuwa limeshaamini kwamba mtoto aliyehamia pale kutoka mbali hajui kitu. Nilimwahidi nitamwandikia nikifika sekondari. Nimefika kidato cha tatu. Jumapili iliyopita, baada ya kuimaliza makala hii, nilichukua karatasi nyingine nikaanza kwa kumwomba msamaha kwa kuchelewa. Barua imekwenda. Wewe msomaji, wako yuko wapi?